Kliniki inasema itapunguza usonji kwa sumaku: kisa cha kijana wa miaka 15

Mama mmoja mwenye kijana wa miaka 15 mwenye usonji alitumiwa video na wifi yake, yaani shangazi wa mtoto. Ni video ya kliniki inayotumia sumaku "kuamsha" ubongo, hakuna dawa, hakuna kupasuliwa, hakuna maumivu, na mle ndani kuna mtoto ambaye mwanzoni haongei alafu mwishoni anaongea na mama yake analia. Kabla wiki haijaisha dogo alishavalishwa kofia ya waya za kupima mawimbi ya ubongo, familia ikapewa karatasi yenye ramani ya kichwa, nyekundu huku bluu kule, pamoja na pakeji ya vikao vya kila siku, siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa, malipo yote yatangulie. Baba alikuwa tayari kulipa. Mama akasema tusubiri kwanza, ndo nikaitwa.

Mi si daktari wa ubongo. Kazi yangu ni kukaa na familia zenye watoto wenye usonji, nasoma nao makaratasi, naenda nao kwa daktari, nauliza yale ambayo mzazi aliyechoka husahau kuuliza. Kijana hapa namwita dogo tu na vitu kadhaa nimevibadilisha na kuvichanganya asije akatambulika, ila mambo yenyewe ndo yanavyokwendaga kwenye familia za namna hii.

Sasa dogo ni mtu wa aina gani. Anaongea vizuri tu akiwa ametulia, akibanwa maneno yanakata, basi anaandika kwenye simu. Ni mtu wa ramani za treni, miji mikubwa ya dunia anajua laini zake zinakutana stesheni gani, na anachora za kwake za miji ambayo haipo. Akifurahi anapunga mikono, akizidiwa na kelele anapunga pia lakini kwa namna nyingine, mama anazitofautisha hata akiwa chumba cha pili. Mpaka mwaka mmoja nyuma maisha yalikuwa yanakwenda, sio kirahisi, ila yanakwenda. Alafu yakaharibika, halali mpaka alfajiri, shule anarudi amelegea, analipuka kwa kitu kidogo, hatoki chumbani, na jambo ambalo mama alilitaja kwa kupitia tu wakati mi naona ndo penyewe: ameacha kuchora ramani. Rula na kalamu za rangi ziko kwenye droo, miezi hajazigusa.

Familia nzima ikasema usonji umezidi. Kliniki nayo ikapokea hivo hivo, ndiyo, umezidi, hata ramani yetu inaonyesha, tutaupunguza. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aliyezaliwa na usonji wake, akaishi nao miaka yote hiyo, abadilike ndani ya miezi michache. Mtoto mwenye usonji akibadilika ghafla tafuta kilichoongezeka juu ya usonji, inaweza kuwa jino, kifafa, usingizi, uonevu shuleni, sonona, msiba, chochote, lakini tafuta. Hili nitalirudia kwa kila mzazi mpaka nichoke.

Tuingie kwenye sumaku yenyewe, maana sio uganga na niliwaambia hivo mapema ili tusije tukabishana bure. TMS, yaani hii njia ya kuchochea ubongo kwa sumaku kupitia fuvu, ilianza mwaka 1985 pale Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walipoweka koili, waya uliozungushwa, juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mkono wa upande wa pili ukaruka wenyewe. Koili haikupigi shoti, inatengeneza nguvu ya sumaku inayobadilika haraka sana, ile nguvu inapenya mfupa bila shida na kule ndani inaamsha mkondo mdogo wa umeme kwenye tabaka la juu la ubongo, kina cha sentimita 2 au 3 hivi kwa koili za kawaida. Ukirudia mapigo hayo kwa mpangilio, lile eneo linaweza kubaki limechangamka au limepoa hata baada ya mashine kuzimwa. Pigo 1 kwa sekunde mara nyingi linapooza, mapigo ya haraka mara nyingi yanachangamsha, na hilo "mara nyingi" lishikeni maana wapo ambao inawaendea kinyume. Kuna na tDCS, hiyo ni njia nyingine, ya umeme badala ya sumaku, ni vipande viwili vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi na mkondo hafifu wa milliamp 1 hadi 2, haifyatui seli za neva, inazisogeza tu karibu na kufyatuka, inawasha ngozi, na sponji ikikauka inaweza kuunguza. Vifaa vya namna hiyo vya kujiwekea nyumbani vinauzwa mtandaoni na baba alishaanza kuvichungulia, nikamwomba aachane navyo kabisa.

Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, iliruhusu TMS kwa watu wazima wenye sonona ambao dawa haikuwasaidia. Mwaka 2018 ikaongeza wale wenye OCD, yaani mawazo na vitendo vya kujirudia wasivyoweza kuvizuia. Machi 2024 ikafungua mlango kwa vijana wa miaka 15 hadi 21 wenye sonona, ikitumika pamoja na matibabu mengine. Kwa usonji hakuna. Kliniki inaweza kuchukua mashine iliyoruhusiwa kwa ugonjwa mmoja ikaitumia kwa hali nyingine, madaktari wanafanya hivo na si lazima iwe kosa, lakini karatasi aliyopewa mama iliandika "teknolojia iliyoidhinishwa na FDA" ikaishia hapo. Imeidhinishwa kwa ajili ya nini? Mama alipiga simu kuuliza hilo moja tu, akajibiwa daktari atafafanua siku ya kikao cha kwanza. Baada ya malipo, yaani. Huko ndo kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna watu makini wanaodhani sumaku inaweza kusaidia kwenye usonji, na sababu wanazo. Mwaka 2003 John Rubenstein na Michael Merzenich walitoa wazo kwamba kwenye baadhi ya aina za usonji ubongo una msisimko mwingi kuliko breki, seli zinazosema "nenda" zinawazidi nguvu zile zinazosema "tulia". Manuel Casanova naye, kwa kuangalia tishu za ubongo kwenye hadubini, alieleza kwamba zile safu ndogo ndogo za seli kwenye gamba la ubongo zinaonekana nyembamba kwa watu wenye usonji, akapendekeza mapigo ya polepole yaimarishe breki za pembeni mwa hizo safu. Ukiona hivo unaelewa kwa nini mtu atajaribu sumaku. Na kundi lake liliripoti mabadiliko, vitendo vya kujirudia kupungua, hasira kupungua. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo ililinganisha waliopata sumaku na waliokuwa kwenye foleni wakisubiri, sio na waliokalia kiti hicho hicho wakapata sumaku ya uongo. Na tofauti hiyo kwenye usonji ni kubwa mno, ngoja nieleze kwa nini, hapa naomba mnivumilie kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilivuma kwamba sekretini, homoni ya tumboni, inafungua watoto wenye usonji. Ilianza na watoto wachache tu waliopewa wakati wanapimwa matatizo ya tumbo, wazazi wakaona mabadiliko, habari ikasambaa, familia zikaanza kuitafuta dawa kwa udi na uvumba. Desemba 1999 ukatoka utafiti wa Adrian Sandler na wenzake, watoto 60, nusu wakachomwa sekretini mara moja, nusu wakachomwa maji ya chumvi, mzazi hajui, mpimaji hajui. Makundi yote mawili yakaonekana kupata nafuu. Yote mawili. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya dawa na maji. Na kinachonikaa kichwani zaidi ni kilichofuata, wazazi walipoelezwa matokeo, asilimia 69 walisema bado wanaitaka sekretini kwa watoto wao.

Hao wazazi sio wajinga, tafadhali mtu asisome hivo. Ukimpenda mtoto na umeweka tumaini kwenye kitu, unaanza kumwangalia kwa karibu kuliko zamani, unaona neno jipya ambalo huenda lingekuja tu, unamjibu haraka zaidi naye anakujibu, na juu ya hapo familia nyingi huanza tiba mpya kipindi kibaya kuliko vyote, kwa hiyo hata bila kufanya kitu mwezi unaofuata una nafasi nzuri ya kuwa afadhali. Oksitosini ya kupuliza puani, homoni nyingine, ilipita njia hiyo hiyo, ilikuwa na sifa nyingi mpaka mwaka 2021 lilipotoka jaribio la watoto na vijana 290 wa miaka 3 hadi 17, wiki 24, haikuipita dawa bandia. Ndo maana mtu akiniletea video ya kabla na baada hainishtui. Namwamini mama anayelia kwenye video. Ila machozi yake hayawezi kuniambia kama ni sumaku iliyofanya ile kazi.

Kwa upande wa TMS yenyewe na vijana wenye usonji, jaribio ambalo mimi hulitoa kwanza ni la Toronto, timu ya Stephanie Ameis, lililochapishwa 2020. Watu 40 wenye usonji wa miaka 16 hadi 35, vikao 20 vya mapigo ya haraka sehemu ya mbele ya ubongo pande zote mbili, nusu sumaku ya kweli, nusu ya bandia, wakipimwa uwezo wa kupanga na kushikilia mambo kichwani. Watu waliweza kuvumilia vikao, hilo ni jambo zuri. Lakini kwa ujumla sumaku ya kweli haikuishinda ya bandia. Kulikuwa na dalili kwamba wale wanaohangaika zaidi na shughuli za kila siku walinufaika kidogo, ni dalili ya kuifuatilia kwenye utafiti mwingine, sio ya kuchapisha kwenye kipeperushi. Australia nao, timu ya Peter Enticott, walipanga jaribio kubwa zaidi la watu 150 kuanzia miaka 14, wakilenga eneo la upande wa kulia juu ya sikio linalohusika na kuelewa mawazo ya wengine. Angalia kitu kimoja, Toronto wanalenga mbele kwa ajili ya kupanga mambo, Australia wanalenga pembeni kwa ajili ya mahusiano, Casanova analenga breki. Watafiti wenyewe bado wanatafuta wapige wapi na kwa ajili ya nini. Kliniki ya kwenye video ilikuwa inajua tayari, kwa kila mtoto, ndani ya siku moja.

Ilijuaje? Kwa ile ramani. Niliitazama sana ile karatasi. Paji la uso jekundu, pembeni mwa kichwa juu ya masikio jekundu pia, na maelezo chini yanasema mawimbi ya kasi yamezidi, ubongo "umechemka". Nikamwuliza mama dogo alikuwaje wakati wa kipimo. Akasema alikuwa amekaza meno muda wote, amekunja uso, maana ile jeli ya kichwani aliichukia na mtu mgeni alikuwa anamshikashika nywele. Basi. Misuli ya taya na ya paji la uso inatoa umeme mwingi kuliko ubongo, na umeme huo unaingia kwenye mawimbi ya kasi, hasa maeneo hayo hayo, mbele na pembeni. Kukesha kunabadilisha mawimbi, kusinzia kunabadilisha, kufumba macho kunabadilisha. Fundi mzuri wa EEG, kile kipimo cha mawimbi ya ubongo, anasafisha hayo na bado anasita kusema jambo kubwa. Sisemi ramani yote ilikuwa misuli, mi sina mashine. Nasema mtoto akizoea kiti na kofia baada ya wiki nne, ramani ya pili inaweza kutoka imepoa hata kama koili haikuwashwa kabisa, ni sawa na kupiga picha bahari saa ya upepo, ukapiga tena saa ya shwari, alafu ukadai umeituliza wewe.

Usalama. TMS kwa ujumla ni salama, kichwa kuuma, ngozi kuvutwa vutwa, basi. Hatari kubwa ni degedege, na ni nadra. Ila kijana mwenye usonji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kifafa kuliko vijana wengine, na umri wa kubalehe ni mojawapo ya vipindi ambavyo kifafa hujitokeza kwa mara ya kwanza kwa watu hawa, na kukosa usingizi kunaongeza hatari ya degedege, na dogo wetu alikuwa analala alfajiri. Kliniki ilijaza fomu kuhusu vyuma kichwani na vifaa vya kusikia, vizuri, lakini usingizi haikuuliza. Kwangu hilo peke yake lilitosha kusimamisha safari, hata kama mengine yote yangekuwa sawa. Alafu kuna kelele. Kila pigo la koili linatoa mlio mkali ta-ta-ta-ta karibu kabisa na sikio, unavaa vizibo, na mlio mwingine unapita kwenye mfupa. Huyu ni kijana anayetoka darasani kwa sababu ya mlio wa taa.

Tulipofika hapo nikawaomba mama na baba waandike wanataka nini kibadilike, na nikamwomba dogo aandike yake kivyake, kwenye simu, bila mtu kumwangalia. Ya wazazi ilikuja ndefu: aongee zaidi, awaangalie watu machoni, aache kupunga mikono, apate marafiki, asome, alale. Ya dogo ilikuwa hivi, naweka kama alivyoandika:

nataka kulala
darasa jipya lina kelele sana
sitaki kuacha mikono
sitaki mtu anishike kichwa
nataka kujua kama rafiki yangu bado anachora

Kinachofanana kwenye orodha zote mbili ni kimoja tu, kulala. Kile ambacho wazazi walitaka sumaku ikiondoe, kupunga mikono, yeye anataka abaki nacho, na kwakweli hakuna aliyeumizwa nacho, kinamsaidia kujishusha. Na ule mstari wa mwisho ulikuwa habari mpya kwa kila mtu. Kumbe alikuwa na rafiki, mmoja, walikuwa wanabadilishana ramani za treni wakati wa mapumziko, rafiki akahamishwa shule, wakati huo huo madarasa mawili yakaunganishwa kuwa moja. Dogo hakumwambia mtu. Baba akasema, "Mbona hakusema?" Mama akamjibu, "Baba nanihii, ulimuuliza lini?" Wote wakanyamaza, na mi nikanyamaza.

Tukaenda kwa daktari wa akili wa watoto, anayejua usonji, hili nalo ni muhimu maana asiyejua anaona uso usio na mabadiliko akasema mtoto hana huzuni. Sonona kwa kijana mwenye usonji inaweza isionekane kama kulia, inaonekana kama kuacha kile alichokuwa anakipenda kupita vyote, kukosa usingizi, hasira, kujifungia. Daktari aliuliza ya shule, ya usingizi, akauliza na kama amewahi kufikiria kujidhuru, akauliza moja kwa moja bila kuzungukazunguka, na dogo akajibu kwa kuandika, hapana, lakini nimechoka. Jibu likawa sonona, sio usonji kuzidi. EEG ya hospitali ilifanywa pia, kuangalia kifafa, sio kuchora ramani ya rangi, ikatoka haina dalili.

Hapa shangazi akarudi, na alikuwa na hoja ya haki, akasema si mmesema wenyewe TMS inaruhusiwa kwa sonona kuanzia miaka 15, basi turudi kliniki. Swali zuri, nalo jibu lake halijanyooka. Jaribio kubwa lililotangulia kwa vijana wenye sonona sugu, la Paul Croarkin na wenzake mwaka 2021, vijana 103 wa miaka 12 hadi 21, lilikuta walioitikia tiba ni asilimia 41.7 kwa sumaku ya kweli na asilimia 36.4 kwa ya bandia, tofauti hiyo haina uzito kitakwimu. Ruhusa ya 2024 iliegemea zaidi kwenye kumbukumbu za wagonjwa waliotibiwa kwenye vituo, ambako hakuna kundi la bandia. Kwa hiyo kwa watu wazima ushahidi umesimama, kwa vijana bado unachechemea, na kwa vijana wenye usonji na sonona kwa pamoja ni mdogo zaidi. Tena kiti hakikosi faida zake, kutoka nyumbani kila siku, kuonana na fundi yule yule mpole, ratiba isiyobadilika, hivyo vyenyewe vinaweza kumwinua kijana. Lakini hivyo vinapatikana bila koili.

Shangazi akamtaja John Elder Robison, Mmarekani mwenye usonji aliyeingia kwenye utafiti wa TMS Boston mwaka 2008 akiwa mtu mzima wa karibu miaka 50, ambaye ameeleza hadharani jinsi alivyoanza kuhisi hisia za watu kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua. Ni kweli, ameeleza hivo. Ameeleza pia kwamba hisia hizo hazikuja na raha tupu, zilimwumiza, na ndoa yake haikuvuka kipindi hicho. Na hilo tunalijua kwa sababu ni mtu mzima, alichagua mwenyewe na ana maneno ya kusimulia kilichompata. Mimi sipingi alichokiona. Napinga kukichukua kikawa ahadi kwa mtoto wa 15 ambaye hata hajaulizwa kama anataka kuhisi zaidi ya anavyohisi sasa.

Basi wakaamua hivi. Pakeji haikulipiwa. Daktari akaanza na usingizi, melatonini, homoni ya usingizi, kwa dozi aliyoipanga yeye pamoja na kupanga upya saa za jioni, kwa sababu usingizi ulikuwa unagusa kila kitu kingine na watoto wengi wenye usonji wanaitikia vizuri. Shule ikakubali, baada ya barua mbili na mama kukasirika ofisini, akae karibu na mlango, avae vifaa vya kuziba kelele, atoke bila kuomba ruhusa kwa maneno. Ushauri wa kisaikolojia ulirekebishwa, sio kukaa uso kwa uso mkiongelea hisia, ni kuandika, kuchora ngazi za uchovu, kupanga siku kwa vipande. Dawa ya sonona ikabaki mezani, haikuanzwa. Na mama akatafuta namba ya mama wa yule rafiki, nadhani hiyo ndo simu iliyofanya kazi kuliko zote ingawa sina kundi la bandia la kuthibitisha, nacheka lakini ni kweli, kila kitu kilibadilishwa kwa wakati mmoja kwa hiyo mtu akiniuliza nini hasa kilimsaidia sitamjibu kwa uhakika.

Miezi kadhaa baadaye analala kabla ya saa sita usiku siku nyingi. Milipuko ipo, imepungua. Ramani zimerudi, chache, na moja ina laini mbili ambazo amezipa rangi za yeye na rafiki yake. Marafiki wapya hajapata na macho ya watu bado hayaangalii, mama amefuta hiyo kwenye orodha yake, baba bado ameiacha. Kliniki iliendelea kutuma meseji za ofa mpaka mama akawaandikia maswali manne: mnatibu nini hasa kwa mtoto wangu, mtapimaje na nani atapima, mna matokeo gani yaliyolinganishwa na sumaku bandia, na akipata degedege kwenye kiti nani yuko chumbani? Meseji zikakoma.

TMS haikufungiwa mlango. Walikubaliana na daktari kwamba sonona ikirudi na ikakataa ushauri na dawa, wataiongelea tena, kwa ajili ya sonona na si kwa ajili ya usonji, hospitali yenye daktari wa neva karibu, au kwenye utafiti wenye kundi la bandia ambao hauwatozi pesa. Dogo aliombwa aseme masharti yake yaandikwe kwenye faili. Akaandika matatu: vizibo vya masikio viwe vyake mwenyewe, aonyeshwe kwanza mashine ikipiga hewani bila kichwa cha mtu, na kitufe cha kuzima akishike yeye. Daktari akasema cha tatu itabidi aulize kama mashine inaruhusu, akaandika yote.